Je, wajua? Ndege mbili ziligongana angani, zikatua zikiwa zimebebana

Picha ipo, na ukiiona mara ya kwanza utadhani imechezewa. Katikati ya malisho nchini Australia, ndege moja imekaa juu ya nyingine kama mtoto mgongoni mwa mama yake. Hakuna aliyezipandisha kwa winchi. Zilishuka hivyo hivyo kutoka angani, tena zikiendeshwa na kijana mmoja wa miaka 22 ambaye hata mafunzo ya urubani alikuwa hajayamaliza.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 29 Septemba 1940. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeingia mwaka wa pili na marubani walihitajika haraka, kwa hiyo shule za urubani zilikuwa zikifanya kazi bila kupumzika. Kutoka shule ya Jeshi la Anga la Australia iliyokuwa Forest Hill, karibu na mji wa Wagga Wagga, ziliruka ndege mbili aina ya Avro Anson kwa safari ya mazoezi. Moja ilikuwa na Leonard Fuller kwenye usukani, na Ian Sinclair akimsomea njia. Ya pili aliirusha Jack Hewson, kijana wa miaka 19, akiwa na Hugh Fraser.

Walipofika juu ya kijiji cha Brocklesby, katika jimbo la New South Wales, walikuwa kwenye kimo cha mita 300 hivi. Fuller alipinda kona, na katika kupinda huko Hewson, aliyekuwa chini yake, akampotea machoni. Hapo inafaa kujua Anson ilivyoundwa: mabawa yake yako chini, usawa wa tumbo, kwa hiyo aliye juu haoni kilicho chini yake, na wa chini naye amefunikwa na paa. Fuller alikuja kushtukia mlio wa vyuma vikisagana, mapanga ya injini yakikatana na kutafuna vifuniko vya injini.

Sasa, kwa nini hazikuanguka?

Ajali yenyewe, kwa bahati ya ajabu, ilizifunga ndege hizo vizuri kuliko ambavyo fundi angeweza. Kibanda cha bunduki kilichokuwa mgongoni mwa ndege ya chini kilijikita kwenye shina la bawa la kushoto la ndege ya juu. Mkia wa ile ya chini, ule uliosimama wima, ukaegemeza upande wa kushoto wa mkia wa mwenzake. Zikawa zimeshikana mbele na nyuma, hazichezi. Halafu kazi ikagawanyika: injini za Fuller zilizimika kwa kule kugongana, lakini zile za chini ziliendelea kunguruma kwa nguvu zote. Kwa maneno mengine, ndege ya chini ilitoa msukumo na ya juu ikatoa usukani, huku mabawa ya zote mbili yakiendelea kushika hewa.

Wenzake watatu waliruka kwa parachuti. Waliotangulia ni Sinclair na Fraser, kisha Hewson, ambaye mapanga ya ndege ya juu yalikuwa yamepasua mwili wa ndege yake na kumjeruhi mgongo. Fuller alibaki peke yake. Akajaribu vibao vya nyuma ya mabawa, vile vya kuinamisha ndege upande na vile vinavyoshushwa wakati wa kutua, akaona kumbe bado vinamtii. Alikwenda kilomita 8 hivi na mzigo wake, akachagua malisho yaliyo kilomita 6 kusini-magharibi mwa Brocklesby, akazishusha. Ziliteleza kwenye nyasi kama mita 180, zikasimama.

Mkaguzi wa ajali wa jeshi la anga alipomhoji, jibu la Fuller lilikuwa la mwanafunzi aliyekariri somo lake: alifanya yote waliyofundishwa kuhusu kutua kwa dharura, yaani utue karibu na makazi ya watu na uelekee upepo unakotoka. Nyumba ya mkulima ile pale, na upepo aliuelekea. Ila, akaongeza, usukani ulikuwa mzito kidogo!

Jeshi lilimpandisha cheo kuwa sajenti na kumpa pongezi rasmi. Jeshi hilo hilo likamfungia kambini siku 14 na kumkata mshahara wa siku 7, kosa lake likiwa kuzungumza na magazeti bila ruhusa. Mimi hapo hucheka kila mara, kwa sababu aliokoa mali ya pauni 40,000 hivi. Ndege yake ilitengenezwa ikarudi kuruka, na ile ya chini ikawa chombo cha kufundishia ardhini.

Hewson alitibiwa mgongo, akahitimu, na akaondoka jeshini mwaka 1946. Sinclair naye alitoka salama, mwaka 1945. Fraser alipelekwa Uingereza. Tarehe 1 Januari 1942 alikuwa kwenye safari ya kawaida ya mazoezi huko Ireland ya Kaskazini, ndege yake aina ya Hudson ikagonga mti. Alikufa pamoja na wenzake watatu.

Fuller alipigana Mashariki ya Kati na Ulaya, akapata nishani ya ushujaa kwa shambulio la Palermo, Italia, la Machi 1942. Kisha akarudishwa nyumbani Australia, akapelekwa mji wa Sale, jimbo la Victoria, kuwafundisha marubani wengine. Tarehe 18 Machi 1944, karibu na mji huo, alikuwa akiendesha baiskeli akagongwa na basi, akafa.