Arobaini za mwizi na arobaini za Musa

Jirani yangu wa Mkunazini, mzee wa Kipemba anayeuza kofia lakini hunywa kahawa zaidi kuliko anavyouza, aliniuliza siku moja barazani: "Mwanangu, kitabu chenu hichi kina nini na arobaini? Mvua ya Nuhu arobaini, Musa mlimani arobaini, Issa jangwani arobaini. Hakuna hata mmoja aliyekaa siku thalathini na nane?"

Nikamrudishia swali. "Mzee wangu, siku za mwizi ngapi?"

"Arobaini."

"Nani aliyezihesabu?"

Akacheka mpaka kikombe kikamtikisika mkononi.

Tukisema siku za mwizi ni arobaini, hakuna anayetazama kalenda. Tunasema muda wake una mwisho, na mwisho huo yeye hauoni. Nambari hapo haihesabu tena, inaeleza. Hiyo ndiyo maana ya ishara ya nambari: nambari inayosema kitu kilivyo, mbali na kusema ni kingapi. Waandishi wa Biblia waliitumia njia hiyo kwa wingi, na wasomaji wao wa kwanza hawakuhitaji kufafanuliwa, kama vile hapa kwetu hakuna anayeuliza maana akiambiwa mzazi fulani yumo ndani ya arobaini yake.

Tena mfano huo wa mzazi si wa kuazima. Uko ndani ya Biblia yenyewe. Sura ya 12 ya Walawi inasema mwanamke akizaa mtoto wa kiume atakaa siku 7, kisha 33 nyingine, ndipo aende patakatifu. Jumla 40. Akizaa wa kike, siku zinakuwa maradufu, 80. Luka anaposimulia kwamba siku za kutakaswa zilipotimia Mariamu na Yusufu walimpeleka mtoto Yerusalemu, anazungumzia hesabu hiyo hiyo. Kwa hiyo Mariamu alikaa arobaini. Kama alikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, Luka hakuandika.

Arobaini ni muda wa kuvuka. Aliyeingia siye atakayetoka: anaingia mwari, anatoka mama. Ukiisoma hivyo, zile arobaini nyingine zinakaa sawa bila kulazimishwa. Mvua inanyesha siku 40 na dunia inayotokea chini ya maji ni nyingine. Musa anakaa mlimani siku 40 na kushuka na mbao za amri. Eliya anakimbia kwa hofu, anatembea siku 40 mpaka Horebu, na huko anapewa kazi mpya. Ninawi wanaambiwa zimebaki siku 40, wakatubu. Yesu anafunga siku 40 ndipo anaanza kuhubiri, na baada ya kufufuka anawatokea wanafunzi kwa muda wa siku 40. Na kitabu cha Hesabu kinaonyesha nambari hii ikitumika kwa makusudi: wapelelezi waliikagua nchi siku 40, watu wakakataa kuingia, wakahukumiwa miaka 40 ya kutangatanga, kila siku kwa mwaka wake. Katika kitabu cha Waamuzi utaona nchi inastarehe miaka 40, baadaye tena 40, na mahali pamoja 80. Mwandishi hakuwa na saa ya ukutani. Anatuambia kizazi kizima kilipumua.

Je, ina maana siku hizo hazikuwa 40 kweli? Swali hili huniletea kelele kila mara. Jibu langu ni kwamba ishara haiui hesabu. Mzazi wetu hukaa siku 40 za kweli, na bado siku hizo zina maana kubwa kuliko idadi yake. Mahali pengine huenda hesabu ilikuwa kamili, pengine ni namna ya kusema. Msomaji anayeshupalia upande mmoja tu atakwama mapema.

Saba ndiyo tajiri kuliko zote, na Mswahili anayo bahati nayo. Neno letu "saba" tumelipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Kwa Kiebrania saba ni *sheva*, na kuapa ni neno la mizizi hiyo hiyo. Ndiyo maana Ibrahimu na Abimeleki walipoapizana juu ya kisima, Ibrahimu alitenga wanakondoo wa kike 7, na mahali pakaitwa Beer-sheba: kisima cha saba, au kisima cha kiapo, yote mawili kwa mpigo. Saba ya Biblia ina harufu ya ahadi iliyofungwa. Mungu anapumzika siku ya 7 na kuibariki. Yeriko unazungukwa siku 7, na siku ya 7 mara 7, mbele wako makuhani 7 wenye baragumu 7. Naamani anaambiwa ajichovye Yordani mara 7, na ukimfikiria mkuu yule wa jeshi, mara ya tano au ya sita bado ana ukoma wake na watumishi wanamtazama, utajua kwa nini hakuambiwa mara 3.

Kabla ya "saba" ya Kiarabu kutushika, lugha yetu ilikuwa na neno lake, na limebaki kwenye arusi: fungate. Labani alipomdanganya Yakobo akamwingizia Lea badala ya Raheli, alimwambia amalize kwanza juma la arusi la yule mkubwa, ndipo apewe mdogo kwa miaka 7 mingine ya kazi. Msomaji wa kwingine atahitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Mtu wa Unguja anaelewa papo hapo: fungate haikatwi, hata kama bi arusi si uliyemtaka.

Halafu kuna ile ya msamaha. Petro anauliza amsamehe nduguye mara ngapi, hata mara saba? Alidhani amekwisha kuwa mkarimu. Akajibiwa: "Sikuambii hata mara saba, bali hata saba mara sabini." Nilipokuwa nafundisha watoto skuli ya Jumapili, kijana mmoja alipiga hesabu pembeni mwa daftari, akapata 490, akanyanyua mkono: "Mwalimu, huyu anayenichukulia kalamu nimeshamsamehe mara sita. Bado mia nne na themanini na nne?" Sikuwa na jibu la haraka. Jibu liko nyuma sana, Mwanzo sura ya 4. Lameki, mzao wa Kaini, anajigamba mbele ya wake zake kwamba Kaini hulipiwa kisasi mara 7 lakini yeye atalipiwa mara 77. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki maneno ya Lameki na maneno ya Yesu ni yale yale, kiasi kwamba wataalamu wengine husoma pale kwa Petro 77 badala ya 490. Kwa vyovyote, Yesu anaikamata nambari ya kisasi kisicho na mwisho na kuigeuza. Kalamu za watoto hazimo.

Kumi na mbili ni nambari ya watu wa Mungu wakiwa kamili. Makabila 12, mitume 12. Ushahidi kwamba ni ishara ni jinsi inavyolindwa hata majina yakibadilika. Lawi akitolewa kwenye mgawo wa ardhi, Yusufu anagawika kuwa Efraimu na Manase, hesabu inarudi 12. Katika Ufunuo sura ya 7 Dani hayumo kabisa, lakini makabila ni 12 vile vile. Yuda Iskariote alipokufa, mitume hawakutulia mpaka kura ilipomwangukia Mathiya. Na wale 144,000 wa sura hiyo hiyo ya Ufunuo, wanaogombaniwa kila mwaka ni 12 mara 12 mara 1,000, na elfu katika Biblia mara nyingi ni "wengi mno". Aliyeandika hakuwa akituhesabia viti vilivyobaki. Tatu sitaikalia sana: siku ya tatu ndiyo mambo hugeuka, Yona tumboni mwa samaki na Yesu kaburini.

Sasa 666, nambari ya yule mnyama wa Ufunuo, maana najua wengine wamefungua ukurasa kwa ajili yake tu. Nimemwona mtu mzima, darasa lake zuri, akirudisha laini ya simu dukani kwa sababu ilikuwa na sita tatu mfululizo. Maandiko yenyewe yanasema ihesabiwe, "maana ni hesabu ya kibinadamu". Kuhesabu huko ni kwa abjadi, na hapa tena mzee wangu wa kofia alikuwa mwalimu na mimi mwanafunzi, kwa kuwa abjadi aliisoma utotoni kabla hajavuka kuja Unguja. Kila herufi ina thamani yake: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, na kuendelea. Ni mpango ule ule kwa Kiarabu na Kiebrania, na ndio ulioleta ile 786 ya Bismillahi tunayoiona imeandikwa juu ya milango ya maduka.

Nilimwambia aandike Neron Kaisari, mfalme wa Roma aliyewatesa Wakristo baada ya moto wa mwaka 64, kwa herufi za Kiebrania zilivyo: N, R, W, N, kisha Q, S, R. Akachukua chaki anayoandikia bei, akainama kwenye saruji ya baraza. Nuni 50. Re 200. Wau 6. Nuni tena 50. Akavuta mstari: 306. Kafu 100. Sini 60. Re 200. Akavuta mstari wa pili: 360. Akajumlisha, akakaa kimya, akajumlisha mara ya pili kutokea chini.

"Lahaula! Mia sita na sitini na sita."

Kuna nakala za zamani za Ufunuo zilizoandika 616, na kipande kimoja kilipatikana Oxyrhynchus, Misri. Ukilitamka jina Kilatini, Nero bila nuni ya mwisho, unatoa 50 na inabaki 616 barabara. Si wasomi wote wanaokubali, na wapo wanaoona 6 ni ile tu inayopungukiwa kufika 7, ikirudiwa mara tatu kwa kiburi. Mimi hesabu ya chaki inanitosha. Laini ya simu haimo.

Mzee alipata hamu, akataka jingine. Nikampa Daudi. Mathayo anafungua Injili yake na nasaba, kisha anasema vizazi ni 14, na 14, na 14. Daudi kwa abjadi ni dali, wau, dali: 4, 6, 4.

"Kumi na tano," akasema. "Sisi tunaandika na alifu."

Kwa Kiarabu ndivyo, lakini Kiebrania hakina ile alifu, kwa hiyo 14. Kwa zile 14 tatu Mathayo analisema jina la Daudi mara tatu kwa nambari. Na ili apate 14 zake amewaruka wafalme watatu kati ya Yoramu na Uzia, watu wanaojulikana vizuri katika vitabu vya Wafalme. Karani wa vizazi angefukuzwa kazi kwa hilo. Mathayo hakuwa karani.

Utamu huu ndio unaowapoteza watu. Ukishaonja, unataka kila nambari iwe na siri, na hapo Biblia inageuka kuwa kitabu cha ramli. Zipo nambari ambazo ni nambari tu. Masomo yanasema Yesu alisulubiwa, giza likawa kuanzia saa sita mpaka saa tisa, na siku ya Pentekoste Petro anawatetea wenzake kuwa hawakulewa kwa kuwa ni saa tatu tu ya mchana. Nimesikia mahubiri marefu juu ya siri ya tisa hiyo. Siri gani? Wao walihesabu saa tangu jua linapochomoza, kama sisi. Saa tisa ni saa tisa, jua limeshainama, wavuvi wanarudi. Wazungu ndio wanaopaswa kukokotoa.

Kisha wapo samaki 153 wa Yohana sura ya 21. Hao wamewachosha wengi. Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, aliona kwamba ukijumlisha moja mpaka kumi na saba unapata 153, na 17 ni amri 10 na vipaji 7 vya Roho. Hesabu ni sahihi, jaribu mwenyewe. Lakini mimi nimekulia karibu na mnada wa samaki, na ninajua kwa nini Petro na wenzake walihesabu: walikuwa saba, na samaki wakubwa hugawanywa.

Nilimweleza mzee hivyo, nikidhani nimeifunga. Yeye akaishika chaki tena. "Ngoja kwanza. Kwa korija, kama tunavyohesabu boriti." Akaandika ishirini, ishirini, ishirini, mpaka 140, wakabaki 13. Akanitazama juu ya miwani.

"Korija saba, mwanangu. Saba. Na wavuvi wenyewe saba. Hilo nalo utasema nini?"

Nikamwambia anitilie kahawa.