Nauli ilipopangwa na serikali, viti vilibaki vitupu

Ninapofundisha uchumi wa usafiri, mfano nisiouacha ni Marekani kati ya 1938 na 1978. Kwa miaka hiyo 40, bodi ya serikali iliyoitwa CAB ndiyo iliyoamua shirika gani la ndege liruke njia gani, na abiria atozwe kiasi gani. Hakuna shirika jipya hata moja lililopewa njia kuu za kati ya majimbo.

Ungedhani mashirika yaliyolindwa namna hiyo yalivuna faida nono. La hasha. Bodi ilifunga mlango wa bei ikaacha wazi mlango wa huduma. Shirika lisiloruhusiwa kushusha nauli lilimvuta abiria kwa kuongeza safari, kununua ndege mpya na kunogesha chakula. American Airlines ilifikia hatua ya kuweka kinanda ndani ya Boeing 747. Lakini wenzake nao walifanya vivyo hivyo, na abiria walikuwa walewale. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu nusu ya viti viliruka vitupu. Gharama zikaila nauli yote ile ya juu, kisha mashirika yakarudi kwa bodi kuomba ipandishwe tena. Kwa hiyo abiria alilipia kiti chake, na kile kitupu cha pembeni pia. Hilo hunikera hadi leo.

Ushahidi ulikuwepo wazi. CAB haikuwa na mamlaka juu ya safari zisizovuka mpaka wa jimbo. Kati ya Los Angeles na San Francisco, miji yote miwili ya jimbo la California, shirika la ndege la PSA lilitoza takriban nusu ya nauli za safari za umbali unaokaribiana huko mashariki mwa nchi, na ndege zake zilijaa. Shirika la Southwest likafanya hivyo ndani ya jimbo la Texas kuanzia 1971.

Mchumi Alfred Kahn alikabidhiwa bodi mwaka 1977, akaanza kulegeza. Oktoba 1978 Rais Carter alitia saini sheria ya kufungua soko, na CAB ikafungwa mwanzoni mwa 1985. Usalama haukuguswa, ulibaki chini ya FAA, mamlaka ya serikali ya usalama wa anga, jambo ambalo wengi huchanganya.

Nauli halisi zilishuka. Ila shirika la ndege la Braniff lilianguka 1982, maelfu wakapoteza kazi, na miji midogo ilihitaji ruzuku ili isikose ndege. Bado naamini soko lilipaswa kufunguliwa, lakini wafanyakazi wale walistahili kuandaliwa fidia ya kweli tangu mwanzo.