Mbio za mita 500 kwenye barafu: maana yake kwa mfano wa Lee Sang-hwa

Mbio za mita 500 ndizo fupi kuliko zote zinazoshindaniwa na mtu mmoja mmoja kwenye uwanja mrefu wa barafu katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Uwanja mrefu una mzunguko wa mita 400, wenye pande mbili zilizonyooka na kona mbili za nusu duara, nao umegawanywa katika njia mbili, ya ndani na ya nje. Watelezaji huondoka wawili wawili, lakini kila mmoja hushindana na saa. Aliyemshinda mwenzake katika jozi anaweza kuishia nafasi ya kumi, na bingwa anaweza kuwa amekwisha kuteleza na kuvua viatu wakati wengine bado wanasubiri zamu yao.

Mchezo huu usichanganywe na ule wa uwanja mfupi, ambao mzunguko wake ni mita 111.12. Huko watelezaji kadhaa huondoka kwa pamoja na kubanana kwenye kona, na anayevuka mstari wa kwanza ndiye mshindi. Korea Kusini imejulikana zaidi kwa uwanja mfupi, na dhahabu zake nyingi za majira ya baridi zimetoka huko. Kwenye uwanja mrefu hali ilikuwa tofauti kabisa: kabla ya Michezo ya Vancouver ya mwaka 2010, medali zake za Olimpiki zilikuwa mbili tu, fedha ya Kim Yoon-man katika mita 1000 mwaka 1992 na shaba ya Lee Kang-seok katika mita 500 mwaka 2006.

Lee Sang-hwa, mtelezaji wa Korea Kusini, alizaliwa Seoul tarehe 25 Februari 1989, na aliingia kwenye barafu akimfuata kaka yake. Akiwa na umri wa miaka 16 alipata medali ya shaba ya mita 500 katika ubingwa wa dunia uliofanyika Inzell, Ujerumani, na mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Turin, alimaliza wa tano. Nimemchukua yeye kuwa mfano kwa sababu karibu kila mbio yake kubwa inaonyesha upande mmoja wa mita 500 ambao jedwali la medali haliuonyeshi.

Tuanze na mbio zenyewe. Mita 100 za kwanza zimenyooka, na mtelezaji huzianza akiwa amesimama, kwa hiyo anapiga hatua fupi fupi kama mkimbiaji, vidole vya miguu vikiwa vimeelekezwa nje ili bapa la chuma lililo chini ya kiatu lishike barafu. Wanawake bora duniani hulimaliza kipande hiki kwa sekunde 10 na ushee. Kisha huja kona ya kwanza, halafu upande ulionyooka ambako wawili hao hubadilishana njia, aliyeanza ndani akienda nje na aliyeanza nje akiingia ndani, ili wote watimize umbali uleule. Wakifika pamoja kwenye eneo la kubadilishana, anayetoka njia ya ndani ndiye anayetakiwa kumpisha mwenzake. Baada ya hapo kuna kona ya mwisho na mita 100 za kumalizia. Mzunguko huo mmoja wa mita 400, baada ya kuchomoka, huchukua sekunde 27 hivi, yaani mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa kwa nguvu za miguu peke yake.

Kona ya mwisho ndiyo kiini cha mambo. Njia ya ndani ina nusu kipenyo cha mita 25 au 26 tu, na mtelezaji aliyeanza nje huiingia akiwa katika kasi yake ya juu kabisa. Kwa kasi hiyo barafu inapaswa kumsukuma kuelekea ndani ya kona kwa nguvu inayozidi robo tatu ya uzito wake, na msukumo huo wote, pamoja na uzito wenyewe, hupitia mguu mmoja uliokunjwa goti, kisha mwingine. Asipoinama vya kutosha hutupwa nje, na akiinama kupita kiasi bapa linamponyoka. Aliyeanza ndani humaliza kwa kona ya nje, iliyo pana zaidi na yenye kusamehe kidogo. Tofauti hiyo ya njia ilionekana kuwa si haki, na kuanzia Nagano 1998 Olimpiki iliamua kila mtelezaji ateleze mara mbili, mara moja akianzia ndani na mara nyingine nje, kisha nyakati zijumlishwe.

Lee alishinda dhahabu yake ya kwanza chini ya utaratibu huo, kwenye ukumbi wa Richmond karibu na Vancouver, tarehe 16 Februari 2010. Mwezi mmoja kabla alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi huko Obihiro, Japani, lakini aliyepewa nafasi kubwa alikuwa Jenny Wolf wa Ujerumani, mwenye rekodi ya dunia ya wakati huo. Katika mbio ya kwanza Lee alipata sekunde 38.24 na Wolf 38.30. Katika ya pili Wolf alipata 37.84 na Lee 37.85. Mjerumani alishinda mbio ya pili kwa sehemu moja ya mia ya sekunde na akapoteza dhahabu kwa sehemu tano, 76.09 dhidi ya 76.14. Ukizigeuza sehemu tano hizo ziwe umbali, unapata kama sentimita 70 katika jumla ya mita 1000 zilizotelezwa. Kwa maoni yangu hakuna takwimu inayoeleza mbio hizi vizuri kuliko hiyo, kwa kuwa inaonyesha kwamba mtelezaji wa mita 500 hana mahali pa kufidia kosa: hatua moja iliyoteleza mwanzoni haiwezi kulipwa mwishoni, kwa sababu mwisho uko sekunde chache tu mbele.

Siku moja kabla, Mo Tae-bum, aliyesoma naye katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Michezo cha Korea, alikuwa ameshinda mita 500 za wanaume. Haikuwahi kutokea nchi moja kuchukua dhahabu zote mbili za umbali huo katika Olimpiki moja. Urafiki wa mazoezi kati yao una maana kwa dhana tunayoieleza, kwani Lee alifanya mazoezi mengi pamoja na wanaume, akijilazimisha kuishika kasi ambayo wanawake wenzake wasingeweza kumpa, na hasa katika kuchomoka, ambako alikuwa ameachwa na Wolf kwa muda mrefu.

Kabla ya Olimpiki ya Sochi kocha wake alikuwa Mkanada Kevin Crockett, aliyewahi kupata shaba ya umbali huohuo Nagano 1998. Katika kipindi hiki ndipo unapoonekana upande mwingine wa mita 500, yaani hewa. Adui mkubwa wa mtelezaji si msuguano wa barafu, ambao ni mdogo sana, bali ni hewa anayoipasua, na ndiyo sababu huteleza akiwa ameinama, mgongo ukiwa karibu sambamba na barafu. Kadiri uwanja unavyokuwa juu ya usawa wa bahari ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Wakimbiaji wa masafa marefu hupanda Iten, mji wa nyanda za juu za Kenya, kujenga mwili kwa hewa haba, kisha huteremka kwenda kushindana kwingine. Watelezaji wa mbio fupi hupanda kwenda kushindana hukohuko juu, kwani mbio ya nusu dakika na kidogo haiwapi muda wa kuumizwa na uhaba wa oksijeni, ilhali wepesi wa hewa unawafaa tangu hatua ya kwanza. Kwa hiyo rekodi nyingi za dunia zimepatikana Calgary, zaidi ya mita 1000 juu ya bahari, na Salt Lake City, zaidi ya mita 1400.

Mwaka 2013 Lee aliivunja rekodi ya dunia mara nne. Aliichukua kwa Yu Jing wa China, mwanamke wa kwanza kuteleza mita 500 chini ya sekunde 37, aliyekuwa na 36.94. Januari, huko Calgary, Lee aliishusha hadi 36.80. Novemba, hapohapo Calgary, ikawa 36.74. Wiki moja baadaye akaenda Salt Lake City akapata 36.57 siku ya kwanza na 36.36 siku iliyofuata, tarehe 16 Novemba. Katika mchezo ambao sehemu tano za mia zilitosha kutoa dhahabu, mtu mmoja aliondoa sehemu 58 ndani ya mwaka. Hewa nyepesi haitoshi kueleza jambo hilo, kwa kuwa wapinzani wake waliteleza kwenye barafu ileile na ndani ya hewa ileile. Rekodi ya 36.36 ilidumu kwa zaidi ya miaka kumi.

Ushahidi kwamba hakuwa bingwa wa nyanda za juu tu ulikuja Sochi, kwenye uwanja ulio kando ya Bahari Nyeusi, tarehe 11 Februari 2014. Alipata 37.42 katika mbio ya kwanza na 37.28 katika ya pili, jumla 74.70, ambayo ilikuwa rekodi ya Olimpiki. Olga Fatkulina wa Urusi alikuwa wa pili kwa 75.06. Kabla ya Lee ni wanawake wawili tu waliowahi kuutetea ubingwa wa umbali huu, Bonnie Blair wa Marekani na Catriona Le May Doan wa Kanada.

Kisha kanuni zikabadilika. Olimpiki ya mwaka 2018 ilifanyika Korea Kusini kwenyewe, na mbio za mita 500 zikarudishwa kuwa moja tu. Wakati huo magoti ya Lee yalikuwa yamechoka, hasa la kushoto, na Nao Kodaira wa Japani, aliyemzidi umri kwa karibu miaka mitatu, alikuwa akishinda mfululizo. Mwaka 2017, kwenye uwanja wa Gangneung uliokuja kutumika katika Olimpiki hiyo, Lee alikuwa ameshika nafasi ya pili nyuma ya Kodaira katika ubingwa wa dunia.

Tarehe 18 Februari 2018 Kodaira aliteleza katika jozi iliyotangulia na kupata 36.94, rekodi ya Olimpiki. Alipoona Wajapani wanashangilia, aliweka kidole mdomoni kuwaomba wanyamaze, kwa sababu Lee alikuwa anajiandaa kuanza. Lee alichomoka vizuri ajabu, akapita mita 100 za kwanza kwa muda mfupi kuliko wa Kodaira, lakini kona ya mwisho ilimshinda. Alimaliza kwa 37.33, fedha, sehemu moja tu ya mia mbele ya Karolína Erbanová wa Jamhuri ya Cheki. Alilia, na Kodaira akaja kumkumbatia, wakazunguka uwanja kila mmoja na bendera ya nchi yake. Watu wengi huikumbuka siku hiyo kwa kumbatio hilo, na inastahili, ila mimi huona mbio yenyewe inastahili kutazamwa kwa makini zaidi: mwanamke mwenye goti bovu aliyewahi kuwa mbele ya rekodi ya Olimpiki kwenye mita 100, kisha akaangushwa na kipande kilekile kinachomdai goti kuliko vyote.

Goti hilohilo ndilo lililomaliza safari yake. Mei 2019 alitangaza mbele ya waandishi wa habari Seoul kwamba anastaafu, kwa kuwa mwili haukumruhusu tena kufanya mazoezi aliyoyataka. Aliacha dhahabu mbili na fedha moja za Olimpiki, na dhahabu tatu za mita 500 za ubingwa wa dunia, za miaka ya 2012, 2013 na 2016.

Anayetaka kuzifuatilia mbio hizi leo, ikiwa ni pamoja na zile za Kim Min-sun, Mkorea mwenzake aliyeivunja rekodi ya dunia ya vijana iliyokuwa ya Lee, asiishie kwenye muda wa mwisho ulioandikwa ubaoni. Atazame kwanza muda wa mita 100, halafu mtelezaji alianzia njia ipi, halafu uwanja uko mita ngapi juu ya bahari. Sekunde 37.28 za Sochi na 36.36 za Salt Lake City haziko mbali kama namba zinavyoonekana.