Kipande cha Ngozi ya Kasa na Faili Lake

Wanafunzi wanaotaka kufanya utafiti wa kasa pwani ya Kenya huniuliza swali moja, tena kwa kunung'unika. Mvuvi wa Watamu akinasa kasa kwa bahati mbaya, akapiga simu ili apimwe na kurudishwa baharini, anashukuriwa. Wao wakitaka kumkata kipande cha ngozi kisichozidi milimita 6, wanadaiwa makaratasi. Mwenye nia njema anasumbuliwa kwa nini?

Sheria haipimi nia, inapima kitendo. Kumshika kasa ni kumshika, uwe jangili au profesa. Marekani, Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini ya 1973 inataja kusumbua, kufukuza na kunasa katika orodha ile ile ya kuua, na mtafiti hupita kwa mlango wa kibali tu. Kenya nayo, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka utafiti wa wanyamapori uwe na idhini, ndiyo maana utapitia Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori (WRTI) baada ya kupata leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.

Nikipewa rasimu ya maombi niisome, naruka utangulizi, natafuta idadi. Kasa wangapi, na kwa nini hao? Wengi hudhani idadi ndogo ndiyo huruma. Si lazima. Tuseme unataka kujua kasa wanaokula nyasi za bahari kwetu walizaliwa fukwe zipi. Jike hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa, kwa hiyo DNA anayorithisha watoto wake hubeba alama ya eneo hilo. Tatizo ni kwamba alama nyingine hupatikana katika fukwe kadhaa, na sampuli chache haziwezi kuzitenganisha. Ukiwasumbua kasa kumi ukaishia bila jibu, umewasumbua bure. Idadi kubwa isiyo na hesabu nyuma yake nayo naikataa. Andika hesabu yako, mkaguzi aione.

Baada ya idadi natazama mbinu. Kasa anapumua hewa kama sisi, na wavu unaoweza kumfaa mtafiti unaweza kumzamisha. Vibali vya Marekani huagiza wavu wa kunasia ukaguliwe kabla ya nusu saa kupita, na kifaa cha kumfuatilia kasa kwa setilaiti pamoja na gundi yake kisizidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama. Hata kama kibali chako hakisemi hivyo, jifunge mwenyewe. Jike anayetaga aachwe amalize kufukia mayai kwanza. Na kabla hujaomba kutega wavu wako, jiulize kama kasa ambao tayari wameshanaswa na wavuvi, au waliosukumwa ufukweni wakiwa wamekufa, hawatoshi. Mara nyingi wanatosha. Hao pia wanahitaji kibali. Mzoga wa kasa si mali ya aliyeuokota.

Hapa ndipo nawaambia watu waende kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kabla ya kwenda kwenye ofisi za Nairobi. Wavuvi wanajua kasa wanapita wapi na mwezi gani, na mara nyingi wanajua kwamba swali lako lilishaulizwa na mgeni mwingine ambaye hakurudi na majibu. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki zinadai ridhaa iliyotolewa kwa kuelewa. Ridhaa ya kusaini karatasi ya Kiingereza chini ya mwembe mimi siiiti ridhaa.

Kinachochosha zaidi ni sampuli inayosafiri. Kasa hana pasipoti: majike waliotaga visiwa kama Mohéli, Komoro, wamefuatiliwa kwa setilaiti hadi malisho ya pwani ya Afrika Mashariki. Ili kulinganisha DNA, vipande hulazimika kuvuka mpaka, na kasa wote wa baharini wako katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Nchi inayopokea lazima itoe kibali cha kuingiza kwanza. Ndipo KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, itoe cha kusafirisha nje. Ili kukitoa, lazima ijiridhishe kwamba sampuli ilipatikana kihalali, yaani faili lako la NACOSTI, WRTI na NEMA liko sawa. Pengo moja mwanzoni hufunga mlango wa mwisho.

Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimtoa kasa wa kijani katika kundi la walio hatarini, na nimeshaulizwa kama sasa masharti yatalegea. Hapana. Orodha ya IUCN si sheria, Kiambatisho cha Kwanza bado kinamhusu, na ng'amba, aina nyingine ya kasa, bado yuko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kwa anayeanza: kibali cha CITES cha kusafirisha nje hutumika ndani ya miezi sita tu tangu kutolewa. Usikiombe kabla maabara haijathibitisha tarehe. Na uliza mapema shirika la ndege kuhusu ethanoli, kwa kuwa huhesabiwa kama mzigo hatari. Ukiweza, hifadhi ngozi katika chumvi.