Jicho Lililoondolewa Lenzi Bado Linaweza Kupandikizwa Nyingine

Wapo wazee waliotolewa mtoto wa jicho zamani, lenzi ya asili ikaondolewa pamoja na kifuko chake, wakapewa miwani mizito ya takribani dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 10 hadi 12. Wengi wao huamini kwamba, kwa kuwa kifuko hakipo tena, lenzi bandia haiwezi kuwekwa kamwe. Imani hiyo si sahihi, na inasikitisha, kwa sababu miwani hiyo hukuza vitu kwa takribani robo na kupunguza uwanja wa kuona, hata kushuka ngazi kukawa hatari.

Kifuko ndicho mahali bora pa kuweka lenzi, lakini si mahali pekee. Lenzi huweza kukaa katika chemba ya mbele (nafasi iliyo mbele ya sehemu yenye rangi ya jicho), kubanwa kwenye airisi, yaani sehemu hiyo yenye rangi, au kushikizwa kwa nyuzi kwenye ukuta mweupe wa jicho. Uchaguzi hutegemea sana hali ya konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho: lenzi ya chemba ya mbele hukaa karibu na seli za ndani ya konea, ambazo zikifa hazizaliwi upya, kwa hiyo mwenye seli chache au presha ya macho kwa kawaida hushauriwa njia nyingine. Kushikiza kwa nyuzi nako ni upasuaji mgumu zaidi, wenye hatari kwa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), na nyuzi huweza kukatika baada ya miaka.

Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza kama konea, presha na retina vimepimwa; retina ikiwa imeharibika, hakuna lenzi itakayorejesha uoni uliopotea hapo.