Mguu wa Kutua: Bert Shepard Hakubebwa na Huruma

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii na mtu wa fani yangu ya viungo bandia, anayechonga kila siku soketi, yaani kikombe cha mguu wa bandia kinachopokea kisiki (sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa): "Yule Mmarekani wa besiboli mwenye mguu wa bandia walimwingiza kwa huruma tu. Halafu mrushaji anatumia mkono, mguu una kazi gani?" Nimechoka kulijibu hilo kwa mdomo, leo naliandika.

Anayesemwa ni Bert Shepard, mzaliwa wa Dana, Indiana, mwaka 1920. Alikuwa na shoto. Lishike hilo, maana ndipo wengi wanapopotea. Mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, akiwa wa shoto hujisukuma kwa mguu wa kushoto na kutua kwa wa kulia. Shepard alikatwa wa kulia, chini ya goti. Wa kujisukumia ulibaki. Uliokwenda ni wa kutua.

Na mguu wa kutua si gongo la kuegemea. Ni breki. Mwili mzima unakuja mbele kwa kasi, unyayo unagota, goti linakaza, na kasi iliyozuiwa inapanda nyongani, kiwiliwilini, begani, hadi vidoleni. Goti likilegea, mpira unapaa au unatoka mchovu. Sasa weka bandia hapo. Kilima cha mrushaji, kile kituta anachorushia, kinateremka, na tunajua kifundo kisichokunja kinafanya nini kwenye mteremko: kisigino kikigusa tu, goti linasukumwa mbele. Papo hapo ncha ya mfupa wa ugoko inagandamizwa kwenye ukuta wa mbele wa soketi, palepale penye ngozi nyembamba. Nimeona visiki vikichubuka kwa kushuka ngazi za ghorofa moja. Yeye alitua hivyo mpira baada ya mpira.

Maisha yake mengine nayapita mbio. Kabla ya vita alirusha katika ligi ndogo. Akawa rubani wa ndege ya kivita ya P-38, akatunguliwa Ujerumani tarehe 21 Mei 1944, na huko ndiko mguu ulikokatwa. Aliyemwokoa ni daktari wa jeshi la anga la Ujerumani, Ladislaus Loidl. Kambini mfungwa mwenzake, Mkanada Don Errey, akamtengenezea mguu wa bandia wa kwanza. Mapema 1945 akarudishwa kwao katika kubadilishana wafungwa, na Machi yuko mazoezini na Washington Senators, timu ya ligi kuu.

Tarehe 4 Agosti 1945 walicheza na Boston Red Sox. Zamu ya nne kati ya tisa: Boston wameshapata mikimbio, yaani pointi, 12 katika zamu hiyo peke yake, wakimbiaji wao wamejaa besi zote tatu, wawili wameshatolewa, na akitoka wa tatu zamu inakwisha. Anaitwa Shepard. Akamtoa mpigaji George Metkovich kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu halali asiyoipiga ipasavyo, kisha akarusha hadi mwisho wa mchezo: zamu 5 na theluthi, akapigwa vipigo 3 tu na kuruhusu mkimbio 1.

Nakubali kwamba mchezo ulikuwa umeshapotea alipoitwa. Washington walifungwa 15-4. Nakubali pia kwamba hakupewa mwingine wa ligi, kwa timu iliyomaliza msimu mchezo mmoja na nusu nyuma ya Detroit walioongoza. Lakini msiniambie wapigaji walikuwa wa kuokoteza kwa kuwa wachezaji wengi walikuwa vitani. Metkovich alicheza ligi kuu hadi 1954, vita vimekwisha zamani, na hakuna mpigaji anayekubali straiki tatu kwa kumhurumia mtu. Shepard naye aliendelea kurusha katika ligi ndogo, na baadaye akatwaa ubingwa wa gofu wa Marekani wa waliokatwa viungo, 1968 na 1971.

Kuna jambo miongozo yetu hailisemi. Angekuja karakanani kwangu miezi 10 baada ya kukatwa, akataka kurusha, ningemkatalia. Ningemtajia kisiki ambacho bado kinasinyaa, ngozi, goti, na kila neno lingekuwa sahihi kitaalamu. Nimewakatalia wengi kwa maneno hayohayo, na sasa nashindwa kujiridhisha kwamba wote walistahili kukataliwa.

Mmoja wao ni kipa. Nimempigia simu arudi Jumatatu, aje na njumu zake.