Fedha za Matajiri Hupitia Mlango Gani Kuingia Kwenye Kampeni?

Nchini Marekani, asilimia 1 ya kaya, zile tajiri kuliko zote, inamiliki karibu asilimia 30 ya mali yote ya kaya. Nusu ya chini ya kaya zote nchini inagawana chini ya asilimia 3. Na bado kila raia ana kura moja. Mbona basi walio wengi hawajaipinda sera iwaelekee? Sababu ziko kadhaa. Sisi tunaofuatilia sheria za uchaguzi huanza na gharama za kampeni.

Wengi hudhani hakuna kikomo. Kipo. Mwaka 2024 mtu mmoja hakuruhusiwa kumchangia mgombea wa urais au ubunge zaidi ya dola 3,300 kwa kila uchaguzi. Uvujaji uko kwingine. Mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, Mahakama ya Juu iliacha kikomo cha michango ila ikafuta kikomo cha matumizi, kwa hoja kwamba kutumia fedha kueneza maoni ni sehemu ya uhuru wa kusema. Mwaka 2010, katika kesi ya Citizens United, majaji 5 dhidi ya 4 waliruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia watakavyo, mradi wasipange pamoja na mgombea. Mwaka huohuo zikaanza kamati zinazopokea michango isiyo na ukomo. Katika uchaguzi wa 2024, Elon Musk peke yake alimwaga zaidi ya dola milioni 250.

Fedha hizi mara chache hununua kura ya mbunge waziwazi. Zinachonunua ni sikio lake, na hilo huonekana kwenye vifungu vidogo ambavyo hakuna anayeandamana kwa ajili yake. Mameneja wa mifuko binafsi ya uwekezaji hulipwa sehemu ya faida kwa kazi yao. Malipo hayo yanaweza kutozwa kodi ya faida ya mtaji, asilimia 20, ilhali kiwango cha juu cha mshahara ni asilimia 37. Obama aliahidi kuuziba mwanya huo, Trump naye akaahidi. Mwaka 2022 kifungu cha kuubana kilinyofolewa kwenye mswada ili ipatikane kura ya seneta mmoja.

Kwa kuwa mahakama imezuia kupunguza matumizi ya matajiri, njia inayobaki ni kuwapa wengine cha kuchangia. Mwaka 2015 wapiga kura wa jiji la Seattle waliidhinisha vocha za kampeni: mkazi hupelekewa vocha 4 za dola 25 kila moja, akamkabidhi mgombea amtakaye, na jiji likalipa kutoka kodi ya majengo. Mgombea anayezipokea hukubali kikomo cha matumizi. Binafsi naona faida yake kubwa ni kwamba mgombea hulazimika kubisha hodi kwa watu ambao zamani angewapita.

Vocha hazizuii kila kitu. Mwaka 2019 Amazon ilitoa zaidi ya dola milioni 1 kwa kamati iliyojiingiza kwenye uchaguzi wa baraza la jiji hilo, na wengi wa wagombea walioungwa mkono na kamati hiyo wakaanguka. Januari 2020 baraza likapiga marufuku michango ya kampuni ambayo mwekezaji mmoja wa kigeni anamiliki asilimia 1 ya hisa zake au zaidi, sharti ambalo makampuni mengi makubwa ya soko la hisa hayawezi kulikwepa.